Kistari Kilicholala

Gari langu hunisalimu kwa Kijapani kila asubuhi.
Sauti ya mwanamke, nyororo, ya mtu aliyelala vizuri.
Sijui anasema nini. Huenda anasema karibu,
huenda anasema kuna kadi haipo,
huenda ananisihi nimrudishe kwao.
Nami humwitikia, "Marahaba,"
tukatoka Tabata Kimanga, vioo tumeshusha.

Ndani ya kifuniko cha tangi, ubavu wa kushoto,
pana kikaratasi cha njano, maandishi kama mafundo ya uzi,
yamebandikwa kiwandani kwa ajili ya msomaji
ambaye si mimi.
Ndiyo maagizo yenyewe: mnyama huyu anywe nini.
Na mimi, mhasibu, mwenye stashahada kwenye fremu,
nilisimama mbele yake kama mtoto
aliyeletwa shule leo.

Basi nikachagua kwa bei.
Kituoni Buguruni pampu mbili zimesimama bega kwa bega,
ya kawaida, na ya oktani ya juu yenye utepe mwekundu
kama bibi harusi.
Shemeji Athanas kaketi kiti cha mbele, miguu kainyoosha.
Nikatoa mkono dirishani, nikasema isikike ng'ambo ya barabara:
"Ile ya juu. Jaza!"

Sikuwahi kusema "jaza" kabla ya siku ile.
Mimi ni mtu wa "ya elfu kumi",
kwa sauti ya anayeomba chumvi kwa jirani.

Miezi minne nikalilisha hivyo.
Likipanda daraja la Tazara nilitega sikio:
linavuta! Sikia linavyovuta!
Lilikuwa linavuta vilevile.
Stumai, mke wangu, alinyamaza wiki nyingi,
hata jioni moja, akichambua, bila kuinua macho:
"Gari linakula pilau.
Wenye gari tunatoa dagaa vichwa."

Aliyenifumbua ni msichana wa pampu.
Mwajabu, jina limeshonwa kifuani, uzi umeanza kufumuka.
Alifungua kifuniko, akakitazama kikaratasi, akacheka.
"Kaka, wewe unasoma au unasomewa?"
"Nasomewa."
Akaweka ukucha wenye hina juu ya neno:
"Unakiona hiki kistari kilicholala, kama mtu kajinyoosha mkekani?
Kikiwepo hapa, gari linataka ya kawaida."
"Unajua Kijapani?"
"Sijui Kijapani. Najua vifuniko."

Akanieleza huku mpira ukiwa mkononi, tone halidondoki:
ile ya juu ni ya injini zinazobana sana,
mafuta yasije yakalipuka kabla hayajaitwa.
"Hii yako haibani hivyo. Wala haigongi.
Unamnywesha dawa asiyeumwa."

Nyuma yetu honi. Gari jeusi, pana, linang'aa kama kiatu cha mchumba,
mwenyewe kashusha kioo nusu: ya kawaida, ya elfu tano, upesi!
Mwajabu akainama sikioni kwangu.
"Huyo kistari hana. Kila siku namwambia, kila siku ananigombeza.
Sikiliza."
Likasogea.
Kweli, chini ya boneti kulikuwa kunagongwa,
ngo ngo ngo,
kama mwenye nyumba tarehe mosi.

Nikaona haya kwa ajili yake, kisha kwa ajili yangu,
kisha haya zikaisha, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu.
"Ya kawaida," nikasema. "Ya elfu kumi na tano."
Iliyobaki ikawa mchele, bizari, na nyama yenye mfupa.
Stumai akafunua mfuko.
"Gari limefanya nini?"
"Limeshiba."

Jumamosi Athanas akauliza, miguu bado kainyoosha:
"Shemeji, siku hizi hujazi?"
"Nimejifunza kusoma."
"Kusoma nini?"
"Kistari."
Hakuelewa. Nikawasha gari.
Mwanamke wa Kijapani akasema neno lake lilelile,
na kwa mara ya kwanza nilisikiliza mpaka mwisho,
labda mle ndani nako
kuna kitu kimelala.